Kufuga Kuku Nyumbani Huku Ukipona Upasuaji wa Goti au Nyonga: Mwongozo Kamili

Siku ya tisa baada ya kubadilishiwa goti la kulia, nilikuwa nimesimama dirishani nikiwa nimeshika fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, nikamwona kuku mmoja akirukia ukingo wa chombo cha maji na kukipindua. Maji yote yakamwagika. Kutoka dirishani hadi bandani ni hatua 30 hivi, umbali ambao siku hizo ulikuwa safari kamili, na hata kama ningefika, chombo kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo goti jipya lisingeniruhusu kufika. Kuku walikaa na kiu saa nne mpaka msaidizi alipokuja. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimekiandaa chumba cha kulala, bafu na jikoni, nikasahau kwamba banda nililijenga miaka mingi nyuma, kwa ajili ya mwili ambao sikuwa nao tena.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi za kabla ya upasuaji. Mfugaji wa kuku wachache anayesubiri goti au nyonga bandia ana nafasi moja tu ya kulirekebisha banda kwa mikono yake, nayo ni wiki zile anazosubiri tarehe. Jambo moja lieleweke mapema: maagizo ya daktari aliyekupasua na ya mtaalamu wako wa fiziotherapia yanatangulia kila kilichoandikwa hapa. Aliyepasuliwa nyonga kwa upande wa nyuma kwa kawaida huambiwa asiikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu wala kuugeuza wayo kuelekea ndani, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 12. Aliyepasuliwa kwa mbele hupewa makatazo tofauti, kama vile kutoupeleka mguu nyuma sana, na wapo wasiopewa katazo lolote. Mwenye goti jipya naye huhimizwa kulikunja na kulinyoosha kila siku, lakini kwa muda mrefu hawezi kuchuchumaa wala kupiga magoti. Uliza makatazo yako ni yapi, yaandike, kisha uende nayo bandani.

Hatua ya kwanza: pima banda kwa mwili wako

Wiki sita au zaidi kabla ya upasuaji, fanya kazi zako za asubuhi kama kawaida, lakini uhesabu ni mara ngapi unainama, unachuchumaa, unanyanyua kitu kizito au unajipinda kiuno huku miguu imesimama palepale. Nilipofanya hesabu hiyo baadaye nilipata mara 23 kwa kuku tisa tu, na nyingi zilikuwa za vitu vidogo nilivyokuwa sivitambui: komeo lililowekwa chini ya mlango, kopo la chakula lililokaa sakafuni, yai lililotagwa pembeni nje ya kiota. Kila tukio uliloliandika lina dawa yake, na dawa hiyo karibu daima ni kukipandisha kitu hadi kati ya kiuno na kifua.

Anza na maji, kwa sababu ndiyo kazi isiyoahirishika. Ndoo ya lita 10 ina uzito wa kilo 10, na mtu anayetembelea magongo hana mkono wa kuibeba. Weka pipa dogo juu ya meza imara, lijazwe kwa mpira wa maji uliofungwa moja kwa moja bombani, kisha maji yateremke kwa bomba jembamba lenye chuchu za kunyweshea, yaani vifaa vidogo vinavyodondosha maji kuku anapovidonoa, moja kwa kila kuku wanne au watano. Chuchu ziwe juu kidogo ya kichwa cha kuku, ili ainue shingo anapokunywa. Usikiondoe chombo cha zamani siku hiyohiyo. Kuku huchukua siku kadhaa kuizoea chuchu, wengine hujifunza kwa kuwatazama wenzao, na hupaswi kukiondoa mpaka umemwona kila mmoja akinywa kwa macho yako. Funzo hilo haliwezi kufanyika ukiwa kitandani, ndiyo sababu kazi hii inaanza mapema.

Chakula ni hesabu. Kuku wa mayai hula wastani wa gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku wanane humaliza karibu kilo moja, na wiki sita zitahitaji kilo 40 na ushei. Kinunuliwe mapema, kibebwe na mtu mwenye viungo vizima, kimiminwe kwenye pipa lenye kifuniko lililoinuliwa juu ya matofali au meza, ili uchote bila kuuingiza mwili wote ndani ya pipa. Usinunue cha miezi mingi ukidhani unajirahisishia kazi, maana chakula kilichosagwa hupoteza vitamini kadiri kinavyokaa, na kikipata unyevu huota ukungu unaoweza kuwaua kuku. Chombo cha kulia kining'inizwe kwa kamba inayopita juu ya boriti, ukingo wake ukiwa usawa wa mgongo wa kuku. Hapo hawakichakuri kukimwaga, nawe unakipandisha na kukishusha ukiwa umesimama.

Viota vya kutagia viwe usawa wa kiuno chako, vifunguliwe kwa nje kwa mfuniko wenye bawaba, na mbele yake kwa ndani pawekwe ubao wa kukanyagia ili kuku wapande bila shida. Ukiviinua ghafla, baadhi ya kuku watakaidi na kutaga chini. Vipandishe kidogo kidogo kwa wiki mbili, na uache yai bandia au mpira mdogo mweupe ndani ya kila kiota ili wajue kwamba bado ni mahali pa kutagia. Kiota kimoja huwatosha kuku wanne au watano, na watang'ang'ania kimoja hichohicho hata ukiwawekea kumi.

Kisha njia. Fremu nyingi za kutembelea zina upana wa sentimita 60 au zaidi kidogo. Pima yako, halafu upime mlango wa banda na kila kona ya njia. Kokoto hunasa miguu ya fremu, mbao zilizolowa huteleza, na mpira wa maji uliolala njiani ni mtego. Mikeka minene ya mpira juu ya ardhi iliyosawazishwa imenifaa kuliko vyote, kwa kuwa hata kinyesi kibichi cha kuku, ambacho huteleza kama sabuni, huoshwa hapo kwa maji tu. Komeo lipandishwe hadi usawa wa mkono, liwe la kufunguliwa kwa mkono mmoja.

Mwisho, matandiko. Safisha banda lote wiki ya mwisho kisha umwage maranda makavu ya mbao kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Matandiko ya kina namna hiyo, yakigeuzwa kwa reki mara moja kwa wiki na kuongezwa maranda mapya juu, hukaa miezi bila kuhitaji kuzolewa, mradi banda lipitishe hewa na maji yasimwagike. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, kuna unyevu mahali, na msaidizi autafute.

Hatua ya pili: punguza mambo, usiongeze

Huu si msimu wa vifaranga. Kuku anayeatamia atolewe kiotani mapema, na mayai yasiwekwe kwa kuanguliwa katika miezi mitatu inayofuata. Chanjo zinazokaribia tarehe yake, hasa ya mdondo, zifanyike kabla. Kagua utitiri usiku kwa tochi: pitisha karatasi nyeupe chini ya kichanja na uangalie kama inabaki na michirizi ya damu. Ukiwagundua, watibu kuku na banda sasa, kwa sababu kazi ya kupulizia nyufa ni ya kuinama na kujipinda tupu.

Kuhusu jogoo nina msimamo mkali. Jogoo mpole hayuko, yupo tu ambaye bado hajakushtukia, na mtu anayetembea kwa mwendo mpya huku amebeba vyuma vinavyong'aa ni mgeni machoni pake. Vipi vyake, ile miiba ya nyuma ya miguu yake, hufika usawa wa goti na kigimbi, pale pale penye jeraha. Mpeleke kwa rafiki kwa miezi mitatu, au umjengee sehemu yake. Mitetea itaendelea kutaga bila yeye.

Hatua ya tatu: msaidizi na karatasi moja

Tafuta mtu mmoja mwenye dhamana, na wa akiba. Usimpe maelezo ya mdomo peke yake. Afanye kazi yote mwenyewe siku mbili mfululizo huku wewe umekaa unatazama, na kila anapokuuliza swali, liandike jibu lake. Karatasi iliyotokana na maswali hayo, ikibandikwa kwa ndani ya mlango, ni bora kuliko orodha yoyote utakayoitunga ukiwa peke yako. Isikose idadi ya kuku, kwa sababu kosa la msaidizi mpya ni kufunga mlango jioni bila kuhesabu, na kuku mmoja aliyelala mtini ni chakula cha mnyama wa usiku.

Hatua ya nne: linda ngozi yako

Wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji, kazi zote za waya, misumari na kukamata kuku zimwendee mtu mwingine. Mkwaruzo mbichi kwenye mguu utakaopasuliwa, ambao siku zote ungeupuuza, unaweza kumfanya daktari aahirishe upasuaji, kwa kuwa bakteria walio kwenye ngozi iliyochubuka ni hatari kwa kiungo bandia. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu kila unapoingia bandani. Ukichubuka, sema, usifiche kwa kuogopa kupoteza tarehe.

Hatua ya tano: wiki mbili za kwanza, usiende

Watu wengi hutembea kwa fremu siku ileile ya upasuaji au kesho yake, na mafanikio hayo huwadanganya. Jeraha halijafunga, pini au nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na dawa kali za maumivu huleta kizunguzungu. Zaidi ya hayo, kuku mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela na kampailobakta katika kinyesi na manyoya bila kuonyesha dalili yoyote. Bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kutua kwenye kiungo bandia, na wakishatua hapo ni vigumu sana kuwaondoa. Wakati mwingine hulazimu upasuaji mwingine. Kwa hiyo kuku wasifike barazani unapofanyia mazoezi, msaidizi aache viatu vya bandani nje na kunawa kwa sabuni kabla ya kukushika, na anayebadilisha bandeji asiwe anatoka kukusanya mayai.

Kazi yako wiki hizi ni mguu. Fanya mazoezi uliyopewa, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na uinue mguu unapopumzika. Mwenye goti jipya asiweke mto chini ya goti lenyewe hata kama anasikia raha, kwa sababu goti hukakamaa likiwa limekunjika na kulinyoosha baadaye ni mateso. Mto uwe chini ya kifundo cha mguu. Kuku watazame dirishani. Utashangaa utakavyojifunza nani humpiga nani, na nani hutaga saa ngapi.

Dalili hizi hazisubiri: kigimbi kinachouma, kuvimba na kuwa chekundu au cha moto kinaweza kuwa na damu iliyoganda, hivyo piga simu hospitali siku hiyohiyo; kifua kuuma au pumzi kukatika ghafla ni dharura ya papo hapo. Jeraha linaloendelea kutoa majimaji, wekundu unaotambaa, homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, yote yafike kwa daktari kabla ya kunywa kiuavijasumu chochote kilichobaki kabatini.

Hatua ya sita: wiki ya tatu hadi ya sita, nenda kama mgeni

Jeraha likishafunga na daktari akiridhika, bandani ni mahali pazuri pa kutembelea, kwa kuwa kuna sababu ya kutoka na kuna umbali unaopimika. Nenda mara mbili kwa siku ukiwa mikono mitupu. Weka hapo kiti imara chenye mikono, ambacho ukikikalia magoti hayawi juu ya nyonga. Stuli fupi ya bandani, kipenzi cha kila mfugaji, ni marufuku, hasa kwa mwenye nyonga mpya. Vaa kiatu kilichofungwa kisigino chenye soli ya mpira yenye meno, na simu iwe mfukoni kila mara.

Ukihamia kwenye mkongojo, ushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Penye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka pamoja na mkongojo. Jirudie sheria hiyo hata kwenye kizingiti kimoja.

Kuku wenyewe ndio kikwazo kikubwa, kwa sababu wamezoea kukukimbilia na kujibana miguuni wakingoja chakula. Dawa yake ni kurusha konzi ya nafaka mbali, kwa juu ya uzio, kabla hujafungua mlango, kisha kuingia wakati wanaishughulikia. Baada ya siku nne tano wataanza kukimbilia pale inapoangukia nafaka badala ya kukukimbilia wewe. Kuku pia hudonoa kitu chekundu au kinachong'aa, kwa hiyo kovu bichi lifunikwe kwa suruali. Ikiwa bado unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mdono mdogo au ukucha unaweza kutoa damu kwa muda mrefu: bana kwa kitambaa safi, osha kwa maji mengi na sabuni, funika, na ukiona wekundu kesho yake mwone daktari.

Mayai yanahitaji neno lake. Mikono miwili ikiwa kwenye fremu, kishawishi ni kuyatia mfukoni. Niliyatia matatu kwenye mfuko wa koti, nikafika salama, nikasahau, nikakaa. Mfuko mdogo wa kitambaa wa kuvaa kifuani, wenye taulo ndani, huacha mikono huru na hukukumbusha kwamba umebeba kitu. Usining'inize kikapu kizito mbele ya fremu, maana huivuta na kuipindua. Yai lililoanguka liache lilipo, au ulichukue kwa koleo refu la kuokotea lililofungwa kijiko kipana mdomoni. Ukirudi ndani, nawa mikono kwanza, ndipo ushike kitu kingine chochote.

Hatua ya saba: wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, rudisha kazi moja moja

Rudisha kwa mpangilio huu: mayai, kisha maji, kisha chakula kwa kopo la kilo moja, kisha kugeuza matandiko kwa reki ya mpini mrefu, na mwisho kabisa kuzoa. Baina ya kazi moja na nyingine ipite angalau wiki. Kipimo ni uvimbe wa mguu: kuvimba kiasi jioni ni kawaida na huweza kuendelea miezi kadhaa, ila ukiamka asubuhi uvimbe haujapungua, kazi ya jana ilizidi, na siku inayofuata irudie ile ya wiki iliyotangulia. Unapotumia reki, sogeza miguu kwa hatua ndogo kuifuata kazi, usijipinde kiuno huku nyayo zimeganda sakafuni.

Ukihitaji kumkamata kuku, usimkimbize. Ngoja giza, mtoe kichanjani akiwa amesinzia, ukae naye kitini. Kwa aliyepasuliwa nyonga kwa nyuma, mtaalamu anaweza kumfundisha kuokota kitu kwa kushika nguzo na kuuacha mguu uliopasuliwa unyooke nyuma huku akiinama. Njia hiyo haimfai aliyepasuliwa kwa mbele, wala isijaribiwe bila kufundishwa.

Aliyebadilishiwa bega ana habari tofauti kidogo, kwa kuwa miguu yake ni mizima lakini mkono hukaa kwenye tanzi la kitambaa linaloning'inia shingoni wiki 4 hadi 6. Yeye anaweza kutembelea banda mapema zaidi, ila mlango, komeo, mfuniko wa viota na kamba ya chombo cha chakula vyote viwe vya mkono mmoja, na jogoo aondoke vilevile, maana anayepoteza mizani hujikinga kwa mkono.

Hatua ya nane: kupiga magoti na kurudi kwa jogoo

Wiki ya 12 watu wengi hufanya kazi nyingi za kawaida, ingawa nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Mfuko wa kilo 25 ugawanywe kwenye ndoo ndogo, hata kama unajiona uko imara. Kupiga goti juu ya goti jipya hakukatazwi kwa wengi kovu likishakomaa na daktari akiridhia, lakini kunashangaza: ngozi ya upande wa nje wa kovu huwa na ganzi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ilikatwa, hivyo hutahisi kokoto wala mchubuko. Anza kwenye godoro, kisha mto mnene, kisha mkeka wa mpira bandani ukiwa umeshika nguzo. Unapoinuka, utangulize mguu mzima mbele, wayo wote ukiwa chini, ujisukume kwa mkono na mguu huo. Baada ya kila mara, tazama ngozi ya goti kwa macho, kwa sababu haitakuambia yenyewe kama imechubuka.

Jogoo arudishwe jioni, awekwe kichanjani gizani, na asubuhi yake uingie ukiwa na mkongojo hata kama umeshauacha. Akikusogelea ubavu ubavu huku ameshusha bawa moja, huo ndio mwanzo wa mapigano yake: uweke mkongojo kati yenu, simama ulipo bila kurudi nyuma haraka, na utoke taratibu ukimkabili. Akirudia siku tatu mfululizo, rafiki yako apewe kabisa.